Chachu Hainyimwi

Mama mdogo Nasemba alikuja kunipokea kwenye kituo cha waya kwa miguu yake miwili. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Badala yake nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga. Mimi ni mtafiti, nimefundishwa kutilia shaka kila kinachopona upesi, lakini huyu ndiye mwanamke aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Mara ya mwisho nilipopanda Kirongwe nilimkuta amelala, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa na nzi wanauzunguka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko Same hamli?"

"Tunakula, mama."

"Mnakula makaratasi." Akaninyang'anya begi, akalitwika kichwani, akatangulia kupanda ngazi za mawe.

Kajiru, fundi wangu wa mitungi, aliteremka nyuma yangu kutoka kwenye kibanda cha waya kilichotupandisha mlimani, akiwa na kreti mgongoni. Alimtazama mama mdogo akipanda, kisha akanitazama mimi.

"Daktari, mgonjwa anakubebea mzigo. Hilo nalo niripoti?"

"Ripoti. Kwa herufi kubwa."

Tulicheka, na tulikuwa na haki ya kucheka. Hii ilikuwa ziara ya kufunga jaribio letu la dawa. Tungekagua mitungi, tungesoma shanga, kisha Jumatatu Mizani, mashine inayosimamia majaribio ya dawa, ingefungua siri na kutoa hukumu. Kwa muda wote wa jaribio hakuna binadamu aliyejua nani pale mlimani anakunywa dawa na nani anakunywa uchungu mtupu. Hata mimi niliyelibuni jaribio sikujua. Nilipoona jina la mama mdogo kati ya waliochaguliwa nilitangaza udugu wetu, na Mizani ikajibu kwamba haidhuru, kwa kuwa sijui nimempa nini. Mizani yenyewe ndiyo iliyojua, na Mizani haihongeki kwa sababu haina tumbo.

Kisukari kigumu kilianza kuenea nchini nikiwa bado shule ya msingi. Ukimwaga insulini mwilini kwa ndoo, damu haisikii. Ni kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mlango wake umezibwa kwa matofali. Hospitali zilibaki na kazi moja tu, kukata: kidole, kisha wayo, kisha mguu mzima. Ndipo wazee wa Upare walipotukumbusha mkumbasu, kichaka kichungu ambacho bibi zao walichemsha mizizi yake kumpa mtu ambaye mkojo wake unafuatwa na sisimizi. Kwenye maabara mzizi ule ulifanya kazi. Tatizo lilikuwa kwamba haukuwa na tabia moja. Wa bondeni ulikuwa mkali, wa kileleni ulikuwa mpole, na kama kila mgonjwa nchini angechimba wake, mlima ungebaki mashimo matupu.

Kwa hiyo tuliichukua siri ya mmea tukaifundisha chachu. Mtungi ni chombo cha ukubwa wa chupa ya chai, kimefungwa lakiri, na ndani yake mna chachu iliyofundishwa kupika kile ambacho mkumbasu hukipika mzizini. Chini ya ngozi ya mkono wa mgonjwa kuna ushanga unaopima sukari na kuunong'oneza mtungi. Sukari ikipanda, mtungi unapika zaidi, ikishuka, unajizuia. Kila asubuhi unatoa funda moja. Nusu ya mitungi ya Kirongwe ilikuwa na chachu hiyo. Nusu nyingine ilikuwa na chachu ya kawaida tu, pamoja na uchungu wa kuigiza.

Kajiru alielekea nyumba za juu na kreti lake. Mimi nilimfuata mama mdogo hadi kwake, nikamwomba akae, nikapiga magoti mbele ya mguu wake. Kidonda kilikuwa kimefunga. Mahali palipokuwa na shimo ambalo ungeweza kuingiza kidole gumba, palikuwa na ngozi mpya, laini, ambayo bado haijakolea rangi. Nilimgusa wayo kwa ncha ya kalamu.

"Unasikia?"

"Unanitekenya."

"Na hapa?"

"Nakijwa, mguu ni wangu, nausikia. Yule daktari wenu alishanipangia siku ya kuukata. Nimemtumia salamu, nimemwambia akakate kuni."

Nikamkumbatia miguu yote miwili kama mtoto. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua: mama mdogo amepata mtungi wenye dawa, na dawa inaponya. Nilikwenda jikoni, kile chumba chake cha ndani, kuuchukua mtungi niukague. Ulikuwa pale rafuni, lakiri yake nzima, taa yake ya kijani inawaka. Nyuma yake kulikuwa na kibuyu.

Kibuyu jikoni kwa Mpare si ajabu. Ajabu ilikuwa harufu. Nimeishi na harufu ya mkumbasu kwenye nywele zangu na kwenye mto wangu wa kulalia, na mume wangu aliwahi kunihama kitandani kwa sababu yake. Nilikiinamia kile kibuyu. Povu lilikuwa linapanda taratibu mdomoni.

"Mama mdogo, hiki nini?"

"Kibuyu."

"Ndani yake?"

"Togwa."

"Togwa haina harufu hii."

"Kama unajua, unaniuliza nini?"

Hakuona haya hata kidogo. Alimwita jirani yake Nietiwe kwa sauti kutoka pale pale alipoketi, na Nietiwe akaja akifuta mikono kwenye kanga. Ni mwanamke mnene, mcheshi, mgonjwa wetu pia. Alinisalimia kwa furaha, akakiona kibuyu mikononi mwangu, na furaha yake haikupungua.

"Umekiona! Kinaumuka vizuri, siyo? Hicho ni mtoto wa mtungi wangu."

Walinieleza kwa zamu, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Mtungi ukishatoa funda la asubuhi, mdomoni hubaki povu dogo. Nietiwe alilipangusa kwa kijiti, akalitia kwenye uji wa mtama uliopoa, akaufunika. Kesho yake uji ulikuwa umeumuka na kuwa mchungu kama dawa yenyewe. Akamkatia mama mdogo kikombe cha chachu hiyo, naye akaikuza katika kibuyu chake.

"Niliwaapisha," nikasema. Sauti yangu niliisikia ikipanda. "Nyote, mmoja mmoja. Mlisema hamtampa mtu dawa."

"Na sikumpa mtu dawa!" Nietiwe aliudhika kweli. "Funda langu nakunywa mwenyewe kila asubuhi, uulize huo ushanga wako. Nilimpa chachu. Alikuja na kikombe, ningefanyaje? Ningemwambia sina, na inaumuka mbele ya macho yake?"

Kirongwe mtu anaweza kukunyima chumvi akakuambia imekwisha. Anaweza kukunyima hata moto. Chachu hainyimwi. Mwanamke akimnyima jirani chachu, hata kama wamegombana juu ya mpaka wa shamba, watu wanaamini kwamba pombe yake yote itageuka maji machafu, na binti zake hawataolewa. Chachu si mali ya mtu. Imepita kwako ikielekea kwa mwingine. Mimi mwenyewe nimekulia katika hilo, nikitumwa na kikombe nyumba hadi nyumba. Lakini kiapo cha jaribio kiliandikwa Dodoma na watu wanaonunua mkate dukani. Walikataza kugawa dawa, kugawa funda, kuazima mtungi. Chachu haikumjia mtu yeyote akilini.

"Mlijuaje mtungi upi una dawa?" niliuliza. "Hata mimi sijui."

Mama mdogo alinitazama kwa huruma. "Kidonda cha Nietiwe kilikauka. Changu hakikukauka. Hapo pana siri gani?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Siri ambayo Mizani iliifungia kwa hesabu zisizovunjika, wanawake wa Kirongwe waliifumbua kwa kutazamana miguu.

"Nani mwingine ana kibuyu?"

"Uliza nani hana," akasema Nietiwe.

Nilikaa chini, sakafuni. Niliwauliza kama kuna aliyewahi kuzidiwa, maana kibuyu hakina ushanga wa kukiambia kitosheke. Mama mdogo alikiri kwamba asubuhi moja alitetemeka, jasho likamtoka, macho yakaingia giza, akaanguka karibu na jiko. Akatambaa hadi kwenye ndizi mbivu, akala, akaamka.

"Ungekufa, mama."

"Ningekufa nikiwa na miguu miwili."

Nikaanza kuwaeleza kuhusu Jumatatu. Nilieleza polepole, kwa sababu nilikuwa najieleza mwenyewe pia. Mizani itawaweka wenye mitungi ya dawa upande huu, na wenye mitungi mitupu upande ule. Itatafuta tofauti kati yao. Haitaiona.

"Kwa sababu sote tumepona," akasema mama mdogo.

"Ndiyo."

"Na kwa kuwa sote tumepona, itasema dawa haiponyi."

"Ndiyo."

Walitazamana, kisha wakacheka. Walicheka mpaka Nietiwe akashika mwimo wa mlango asianguke. "Mizani gani hiyo, Daktari? Hata ile ya kupimia maharage gulioni ina akili kuliko hiyo!"

Mimi sikucheka. Jaribio lote lilikuwa kwenye mlima huu tu. Dawa ikishindwa hapa inafungiwa, na sheria hairuhusu mtu kuigusa tena mpaka kizazi kipite. Hospitali zingeendelea kukata. Nilipowaambia hivyo kicheko kilikwisha, na mama mdogo, ambaye hana shule lakini hajawahi kuwa mzito wa kuelewa, akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Na ukiwaambia tulivyofanya?"

"Watajua kwa nini hakuna tofauti. Dawa itapewa jaribio jipya, mlima mwingine."

"Na sisi?"

"Mitungi itasafishwa. Vibuyu pia. Waliochanganyika hawapewi tena mpaka hukumu mpya itoke."

"Mpaka lini?"

"Miaka, mama."

Aliuvuta mguu wake wa kushoto akauficha chini ya kanga, kama mtu anayeficha kitu kisionekane na mwizi. "Usiseme," akasema.

"Mama mdogo..."

"Nimesema usiseme. Hiyo Mizani ikiona dawa haifai, ichukue mitungi yake iende. Sisi tuna vibuyu vyetu. Hatukuiba. Hatukumdhuru mtu. Umenisikia, Nakijwa?"

"Nimekusikia."

* * *

Kajiru nilimkuta mchana kwenye ngazi za zahanati, anapanga vipuri vyake juu ya gazeti. Sikuwa na haki ya kumficha. Yeye ndiye aliyebeba mitungi ile mgongoni tangu jaribio lianze, mvua na jua. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kuinua kichwa, akiendelea kufuta mrija mmoja ambao ulikuwa tayari safi.

Mke wake, Anaeli, yuko bondeni. Kisukari hicho hicho kinamwondolea macho. Mizani ilipochagua wagonjwa haikumgusa, kwa sababu haishi mlimani. Kajiru hajawahi kulalamika kuhusu hilo mbele yangu, na mimi sijawahi kuwa na ujasiri wa kulizungumza.

"Sijawahi kulamba hata povu," akasema mwishowe. "Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naosha mikono mara mbili kabla ya kurudi nyumbani, nisije nikampelekea kitu nikavuruga kazi yako. Kumbe ningeomba tu. Ningekwenda na kikombe, wangenipa."

"Wangekupa."

"Sasa unataka kufanya nini?"

"Sijui."

"Unajua. Ungekuwa hujui usingenijia na uso huo." Aliweka mrija chini. "Daktari, iache. Chachu itajipeleka yenyewe. Leo Kirongwe, kesho bondeni, mwakani Tanga. Hakuna mizani ya kuizuia."

"Inakwenda kwa jirani, Kajiru. Asiye na jirani mwenye kibuyu?"

"Itamfikia."

"Na atakayezidisha akaanguka peke yake ndani ya nyumba? Chachu hii tumeifundisha. Kilichofundishwa kinaweza kusahau, na kinaweza kuzidisha. Ndani ya mtungi nakiona. Ndani ya kibuyu hakuna anayekiona."

"Hayo unayajua au unayaogopa?"

"Nayaogopa."

"Basi sema unaogopa. Usiseme unajua." Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka. "Mimi usiniulize ninataka nini. Ukiniuliza nitakujibu kama mume wa Anaeli, na wewe unataka jibu la fundi."

Alirudi kwenye vipuri vyake. Nilikaa naye hapo hata jua likahama ngazi. Kila mtu niliyempenda au kumheshimu mlimani pale alitaka ninyamaze. Waliotaka niseme ni watu ambao hawajui jina langu.

* * *

Mizani haina uso. Ina sauti ya mwanamke wa makamo, taratibu, Kiswahili chake kimenyooka kama cha mtangazaji wa zamani wa redio. Jumatatu asubuhi niliketi peke yangu kwenye chumba cha chanjo cha zahanati, mkono wa kulia juu ya kioo, nikala kiapo cha kufunga. Maswali nilikuwa nayafahamu. Je, mitungi yote imeonekana? Ndiyo. Je, lakiri zote ni nzima? Ndiyo. Je, kuna aliyefariki? Hapana.

"Je, unajua jambo lolote lililofanya kundi moja lipate kilichokuwa cha kundi lingine?"

Nilitazama ukutani. Kulikuwa na bango la mtoto anachomwa sindano, anatabasamu, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa mtoto wa kweli.

"Kimya si jibu, Daktari," ikasema Mizani.

"Nipe muda."

"Muda upo."

Hilo ndilo lililonitesa, kwamba hakuna aliyenisukuma. Ningekemewa ningekuwa mkali, ningejitetea, labda ningedanganya kwa hasira na kujisamehe baadaye. Lakini niliachiwa nafasi yote niliyotaka, na ndani ya nafasi hiyo nilimwona mama mdogo akipanda ngazi na begi langu kichwani. Kisha nikamkumbuka mwalimu mmoja wa kike kule Same, nilipokuwa daktari mwanafunzi. Nilipewa kazi ya kuushika mguu wake wakati unakatwa. Mguu ukishaachana na mtu unakuwa mzito kuliko unavyodhani, unakuponyoka, na hujui uuweke wapi. Yule mwalimu alikuwa amekuja hospitali peke yake, na alipoamka hakuwa na mtu wa kumwita. Huyo angekwenda na kikombe kwa nani?

Nilijua damu ni nzito kuliko maji. Sikuhitaji mtu aniambie. Niliihisi ikinivuta mkono utoke juu ya kile kioo.

"Ndiyo," nikasema. "Najua."

"Asante. Taja kaya ya kwanza."

"Kijiji kizima."

"Kijiji hakina ushanga. Taja mtu."

Nilijaribu kumtaja Nietiwe, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza. Ulimi ulikataa. Ilikuwa ni woga kumtanguliza jirani wakati naijua kaya ninayoificha.

"Nasemba Mbwambo."

"Uhusiano wako naye?"

"Mama yangu mdogo."

"Imeandikwa. Kaya ya pili?"

Nilipomaliza kuwataja, Mizani ilisema kwamba hukumu imesitishwa, mkumbasu haukushindwa, na jaribio jipya litapangwa kwenye mlima mwingine, na neno chachu litaingizwa kwenye kiapo. Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliomba kitu ambacho najua hakiombwi: mama mdogo abaki na mtungi wa dawa, chini ya uangalizi wangu mwenyewe, kwa gharama yangu mwenyewe.

"Kwa nini yeye?" ikauliza Mizani.

Nilitafuta sababu ya kitabibu. Kila niliyoipata ilikuwa sababu ya kijiji kizima.

"Kwa sababu ni mama yangu."

"Sababu hiyo sina mahali pa kuiweka," ikasema, na ningeapa kwamba sauti yake ilikuwa na masikitiko. "Usafishaji ufanyike leo. Kama ilivyo kanuni, mtafiti mkuu atasafisha kwa mkono wake, mbele ya mwenye chombo."

Kanuni hiyo naiunga mkono, au nilikuwa naiunga mkono. Ilitungwa ili mtu asitoe amri ya kumnyang'anya mwenzake dawa akiwa ofisini, bila kumwona usoni.

* * *

Kajiru hakunisaidia. Aliteremka na kibanda cha kwanza cha waya asubuhi ile ile, kabla sijala kiapo, akiwa na kitu amekifunga kwenye kanga na kukipakata kifuani. Nilimwona dirishani. Sikumwita na sikumtaja. Sheria niliikumbuka kwa kijiji kizima, nikaisahau kwa Kajiru, na mpaka sasa siwezi kulieleza hilo mbele ya mtu mwenye akili. Labda nilitaka pawe na mtu mmoja ambaye sikumpokonya kitu.

Nilipita nyumba hadi nyumba na mfuko wa vidonge vya kusafishia, vya zambarau, vikubwa kama kete za bao. Unakitumbukiza, povu linachemka, harufu inakufa, basi. Habari zilikuwa zimenitangulia. Wengine walinipokea kwa adabu iliyoniumiza kuliko matusi. Walinipa kigoda, wakaniletea chombo, wakatazama pembeni. Mzee mmoja aliniuliza kama nitamletea dawa nyingine, nikamwambia nitajitahidi, akanishukuru. Nietiwe hakuningoja. Alikuwa amekwisha kukimwaga kibuyu chake mwenyewe kizingitini, na mimi nikalazimika kukanyaga ule uji mchungu ili kumfikia.

"Uliza nani hana," akaniambia. "Sasa uliza."

Nyumba ya mama mdogo niliiacha ya mwisho. Sikuiacha kwa hekima. Nilikuwa naiogopa.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Mgongo wake ulikuwa umeegemea mwimo mmoja, na mguu wa kushoto alikuwa ameunyoosha mpaka ukagusa mwimo wa pili. Aliuacha wazi kuanzia gotini. Alikuwa ameuosha na kuupaka mafuta, na ile ngozi mpya ilikuwa inang'aa. Majirani walikuwa wamesimama uani, kimya, na hakuna aliyejifanya kwamba amepita tu.

"Shikamoo, mama mdogo."

Hakuitikia. Katika maisha yangu yote, siku za njaa, siku ya msiba wa mama yangu, hata siku nilipomkosea nikiwa msichana akaniambia nitoke mbele ya macho yake, shikamoo yangu hakuwahi kuiacha hewani.

"Nimekuja kusafisha," nikasema.

"Mtungi uko jikoni. Kibuyu kiko jikoni. Pita."

Nyumba ile ina mlango mmoja. Nilimwangalia mguu, nikamwangalia yeye.

"Naomba uukunje, mama, nipite."

"Haukunjiki."

"Juzi ulikunjika."

"Juzi nilikuwa na mtoto."

Kwetu mtoto haruki miguu ya mzazi. Mlevi anayerudi kwake anayumba huikumbuka miguu ya mama yake, akazunguka, akangoja, au akalala nje. Anayerukwa miguu ni maiti, au ni mtu ambaye anayemruka anamwombea awe maiti. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno, na majirani wote waliokuwa uani walilijua kama mimi.

"Usinifanyie hivi," nikamwambia. Nilikuwa nalia sasa, waziwazi, na sikujali. "Nifukuze. Nitukane. Nipige. Usinifanyie hivi."

"Mimi nimekaa mlangoni kwangu," akasema mama mdogo. Sauti yake ilitetemeka, nikajua kwamba hata yeye alikuwa anaumia. "Sijamfanyia mtu kitu. Nimekaa na mguu wangu, niutazame kabla hamjauchukua. Mwenye kazi ndani aingie akafanye kazi yake."

Kidonge kilikuwa kimeanza kuyeyuka kwa jasho la kiganja changu. Zambarau ilikuwa inachuruzika kwenye kifundo cha mkono. Niliwaza kugeuka niteremke niiambie Mizani nimeshindwa. Ingemtuma mwingine, mgeni, ambaye angesema samahani bibi na kuruka bila kujua ameruka nini. Hilo nalo ningekuwa nimelifanya mimi, ila kwa mguu wa mtu mwingine.

Nilivua viatu. Nilipandisha gauni kwa mkono mmoja lisiuguse mguu wake, nikaruka. Uani mwanamke mmoja aliguna, akafunika mdomo.

Jikoni nilifanya kazi haraka. Nilitumbukiza kidonge kwenye kibuyu, povu likapanda, likachemka, likazama. Niliuzima mtungi ingawa ndani hamkuwa na dawa yoyote, hamjawahi kuwa nayo. Nilingoja mpaka harufu ya mkumbasu ikatoweka kabisa, kama kanuni inavyotaka, kisha nikafuta uso kwa kanga yake iliyokuwa imening'inia kwenye kamba.

Nilipogeuka kutoka, mguu ulikuwa palepale, umenyooka kutoka mwimo hadi mwimo. Nilisimama nyuma ya mgongo wake nikimsubiri aukunje. Nilisubiri sana. Hakugeuka, na majirani hawakuondoka.

Nikaruka tena.